Darasani au kwa masafa: nani atasoma kazi yako?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa saba, simu yangu haitulii. Nimefundisha sekondari miaka mingi, na ndugu wamezoea kuniuliza mambo ya vyuo kama vile mimi ndiye ninayedahili. Safari hii maswali mawili yametoka nyumba moja, kwa dada yangu aliyeko Tunduru. La kwanza ni la mwanawe wa mwisho, kijana wa miaka ishirini aliyemaliza kidato cha sita na pointi nzuri: "Mjomba, si bora nisome Chuo Kikuu Huria huku nafanya biashara, kuliko kwenda kukaa Dodoma miaka mitatu?" La pili ni la dada wa huyo kijana, mwalimu wa shule ya msingi mwenye stashahada, mama wa watoto wawili: "Shikamoo mjomba. Niombe ruhusa ya masomo niende chuo, au nisome kwa masafa, yaani nikiwa huku huku nyumbani? Watu wananiambia digrii ya masafa haina uzito."

Kijana nimemwambia aende darasani. Dada yake nimemwambia abaki kazini, asome kwa masafa. Najua wengi wamesimama njia panda hiyo hiyo, kwa hiyo naziandika hapa sababu zangu zote badala ya kuzirudia kwenye simu.

Njia zote mbili nimezipita. Shahada ya kwanza nilikaa chuo: ukumbi wa mihadhara, bweni, foleni ya kantini. Ya pili niliisoma kwa masafa nikiwa kazini, nafungua vitabu usiku nikishamaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Kote nimekutana na walimu wazuri, na kote nimekutana na uzembe. Vyuo vilivyoniumiza sitavitaja.

Kwanza hilo la uzito

Nianze nalo kwa sababu linawatesa watu bure. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni chuo cha umma kama Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Sokoine. Kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza 1994. Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, ambaye kabla ya hapo alishaongoza Sokoine na Mlimani, kwa hiyo kazi hii alikabidhiwa mtu aliyevijua vyuo vya darasani ndani na nje. Programu zake zinapita mikononi mwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama za wengine wote: shahada ya kwanza ya miaka mitatu lazima ifikishe krediti 360, iwe inafundishwa ukumbini au kwa masafa. Na anayeingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita anatakiwa, kwa uchache, awe amefaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0. Hakuna mlango wa uani.

Mtihani nao haufanyiwi sebuleni. Unasafiri hadi kituo cha mkoa, unaonyesha kitambulisho, simu inabaki nje, msimamizi anapita kati ya meza. Nimewahi kuona mtu aliyetoka kwenye mtihani wa darasani mwaka mmoja na wa masafa mwaka mwingine akisema wa masafa ulimtoa jasho zaidi, kwa sababu hakuwa amemsikia mwalimu akidokeza, "hapa pasomeni vizuri."

Dharau hii, kwa maoni yangu, ni ya zamani kuliko Huria yenyewe. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasa la kwanza, maelfu ya walimu walifundishwa wakiwa huko huko vijijini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa walimu waliowatangulia. "Mwalimu wa UPE", yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, likageuka neno la kejeli. Walioshika chaki nchi nzima wakati huo ni hao hao, na wengi wetu tulifundishwa kusoma nao au na watoto wao. Lakini wazo kwamba aliyesomea mbali na chuo hajasoma likabaki vichwani.

Ukienda kwenye usaili wa mchujo wa Sekretarieti ya Ajira, unapewa mtihani, unaujibu, unasahihishwa. Mtihani ule hauulizi ulisikiliza mihadhara wapi. Tofauti ya ubora ipo, tena inaweza kuwa kubwa sana, ila inatengenezwa miaka kadhaa kabla hujafika hapo.

Hesabu ya saa

Watu wanalinganisha miaka. Mimi nalinganisha saa. Katika mfumo wetu krediti moja ni saa kumi za kujifunza, humo humo ukiwa umehudhuria kipindi, umesoma mwenyewe, umeandika kazi na kujiandaa na mtihani. Krediti 120 za mwaka mmoja ni saa 1,200. Shahada nzima ya krediti 360 ni saa 3,600.

Mwanafunzi wa darasani ana mihula miwili, tuseme wiki 34 kwa mwaka. Gawanya: ni kama saa 35 kila wiki. Hiyo ni kazi ya kutwa, na chuo ndicho kinachompangia. Kipindi saa mbili asubuhi, semina Jumatano, jaribio wiki ya saba, kazi ya kundi wiki ya kumi. Hata siku ambayo hana hamu, wenzake watatu wa chumbani wanaamka, wanaoga, wanaondoka na mabegi, na yeye anaondoka nao.

Sasa mchukue mpwa wangu, yule mwalimu wa Tunduru. Akijitahidi kweli anapata saa mbili kila usiku kwa siku tano, na saa tano Jumamosi. Jumla saa 15 kwa wiki. Akifanya hivyo wiki 50 za mwaka, ni saa 750. Gawanya 3,600 kwa 750: karibu miaka mitano. Na hapo mtoto hajaugua, hakuna msiba, hakuna wiki ya kusimamia mtihani wa darasa la saba.

Ndiyo maana mtu akikuambia utamaliza kwa masafa ndani ya miaka mitatu huku umeajiriwa kutwa, muulize saa hizo utazitoa wapi. Wapo wanaozitoa kwenye usingizi, na wapo wasiozitoa kabisa, wanaokariri mitihani ya miaka iliyopita na kuvuka kwa C nyembamba. Sifa mbaya ya elimu ya masafa inatoka kwa hawa wa mwisho, waliokimbizana na miaka mitatu wakati chuo kiliwaruhusu kuchukua mitano au sita. Nimemwambia binti achukue kozi chache kila mwaka na asione haya. Mtu anayesoma saa 3,600 kwa miaka mitano amesoma sawa na aliyezisoma kwa mitatu. Pengine zaidi, kwa sababu mambo yamepata muda wa kukaa kichwani.

Kwa kijana hesabu hiyo hiyo inatoa jibu jingine. Biashara ya mtu wa miaka ishirini anayeanza na mtaji mdogo haina saa za kufunga. Duka litakula asubuhi, mchana na jioni, na kitabu kitapata dakika zile anazopiga miayo. Hajawahi kujisimamia kimasomo hata muhula mmoja. Shuleni kengele ilimwamsha, kengele ikamlaza. Saa 35 zilizopangwa na mtu mwingine ni zawadi kwake, ingawa haioni hivyo leo.

Kazi inayorudi na maneno

Hapa ndipo ninapopapigania kuliko pote. Ukiniuliza ubora wa elimu ya juu uko wapi, nitakuonyesha karatasi.

Ninayo bado, kwenye bahasha ya kaki, insha niliyoandika mwaka wa pili nikiwa darasani. Kurasa sita, mwandiko wangu wa peni ya bluu. Pembeni mhadhiri ameandika kwa peni nyekundu, na swali moja amelirudia mara tatu kwenye kurasa tatu tofauti: ushahidi wa hili uko wapi? Ukurasa wa nne amepiga mstari aya nzima na kuandika kwamba aya hiyo inapingana na ya pili, nichague moja. Nilipata alama 11 kwa 20. Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikarudi nikazisoma zile aya mbili, na kweli zilikuwa zinapingana. Sijawahi kuandika chochote tena, hata ripoti ya idara, bila kujiuliza swali lile la peni nyekundu.

Lakini insha hiyo ilikuwa ya kozi yenye watu thelathini. Mwaka wa kwanza, kozi ile ambayo kila mwanafunzi wa chuo anaisoma, tulikuwa mamia. Nilisikiliza nusu ya muhula nikiwa nimekaa kwenye fremu ya dirisha. Mhadhiri alikuwa mtu mdogo kule chini, na kipaza sauti kilikatika mara kwa mara. Matokeo ya jaribio yalibandikwa ubaoni, namba ya usajili na alama, basi. Karatasi zenyewe hatukuziona tena. Hiyo nayo ilikuwa "elimu ya darasani". Nilikuwa darasani kimwili tu. Mwalimu hakujua kama nipo.

Upande wa masafa nimeona ncha hizo hizo mbili. Kozi moja nilituma kazi mtandaoni, ikakaa zaidi ya miezi miwili, ikarudi na namba 17 kwa 30. Hakuna hata neno. Hadi leo sijui zile 13 zilipotelea wapi. Kozi nyingine, muhula ule ule, mwalimu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Alikuwa ameifungua kazi yangu mbele yake, nasikia anafungua kurasa, anasema, "Sasa hapa aya ya tatu, umetaja sera, umeitaja vizuri, lakini hukuniambia ilitekelezwaje huko mkoani kwako, na wewe uko huko, mimi niko Dar." Niliusikiliza ujumbe huo nikiwa nimekaa nje ya nyumba ya shule, giza, mbu wananila, na nikaurudia mara nne. Hakuna mhadhara wa ukumbini ulionifundisha kama dakika zile kumi na moja.

Kwa hiyo mtu akilinganisha darasa zuri la watu thelathini na masafa ya kutelekezwa, darasa litashinda. Akilinganisha ukumbi wa mamia na mwalimu wa masafa anayejibu, masafa yatashinda. Kabla ya kuuliza "darasani au masafa", uliza kozi hiyo kazi yako itasomwa na nani, mara ngapi kwa muhula, na itarudi na nini.

Jambo moja linaegemea darasani hapa. Ukiwa chuo, mwalimu asipokurudishia kazi unaweza kwenda kukaa nje ya ofisi yake. Nimefanya hivyo. Ukiwa Mpanda au Tunduru huna mlango wa kukaa. Una barua pepe na namba ya simu ya kituo. Mgawanyo wa alama nao unazidisha hali hiyo: kwa kawaida vyuo vya darasani vinampa mwanafunzi asilimia 40 kwa kazi na majaribio ya muhula, 60 kwa mtihani, kwenye masafa mara nyingi ni 30 kwa 70. Siku moja mbaya ya mtihani, malaria au basi kuharibika, inamgharimu zaidi wa masafa.

Kiingereza ukiwa peke yako

Hili sijaona likizungumzwa vya kutosha. Vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza. Lakini kila aliyekaa kwenye ukumbi wa mihadhara Tanzania anajua kinachotokea. Mhadhiri anasoma slaidi kwa Kiingereza, anatazama nyuso, anaona hazijaelewa, anashusha pumzi: "Jamani, yaani ni hivi..." Anaeleza kwa Kiswahili dakika tano, na hapo ndipo somo linapoingia. Jioni kwenye diskasheni chini ya mti ni Kiswahili tupu, hadi mtu aseme, "haya sasa tuliandike kwa Kiingereza."

Mwanafunzi wa masafa hana zile dakika tano. Ana moduli ya Kiingereza, kamusi na usiku. Nilimwona mwenzangu mmoja, afisa kilimo hodari, mtu anayeweza kukueleza udongo wa wilaya nzima, akifeli kozi ya takwimu mara mbili kwa sababu alikuwa hajaelewa swali lenyewe linataka nini. Tulipokaa naye siku moja, nikamweleza kwa Kiswahili dhana ya wastani na mtawanyiko kwa mfano wa magunia ya mahindi ya wakulima kumi, alinyamaza, akacheka, akasema, "Kumbe ni hili?" Mara ya tatu alifaulu.

Kama Kiingereza chako cha kusoma ni dhaifu, masafa yatakuumiza zaidi ya darasa. Dawa ipo: tafuta mtu mmoja wa karibu aliyesoma fani hiyo, au kikundi kinachokubali kueleza kwa Kiswahili bila kuoneana aibu. Lakini iingize kwenye hesabu kabla hujalipa ada.

Wenzako

Darasani wenzako unapewa bure. Wa masafa unawatafuta, tena unawalinda wasipotee. Kundi letu la WhatsApp lilianza na watu zaidi ya arobaini. Mwaka wa pili waliokuwa bado wanauliza maswali ya masomo hawakufika kumi. Wengine walibaki kwenye kundi wakituma salamu za Idi na Krismasi. Waliokata hawakuwa wajinga. Walihamishwa vituo, walijifungua, waliuguza, walipoa tu.

Waliobaki, hata hivyo, walikuwa watu wa aina ambayo bwenini sikuipata. Muuguzi wa zamu ya usiku, mtendaji wa kata, mhasibu wa chama cha ushirika. Tukijadili sera ya elimu, mtendaji anasema kilichotokea wiki iliyopita kwenye kikao cha kijiji chake. Nikiwa na miaka 22 mjadala wetu wa sera ulikuwa wa vitabuni.

Mikono

Kwenye fani za mikono sina maneno mengi. Udaktari unasomewa wodini, kwa mgonjwa aliyelala mbele yako, miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini. Uhandisi unataka karakana. Kemia inataka maabara ya kila wiki. Kwa muda mrefu wanafunzi wa sayansi wa masafa walikusanywa kwa wiki chache kwenye maabara za kuazima, wakafanya majaribio ya mwaka mzima kwa haraka, mchana na jioni. Mwenye nia ya fani hizo aende darasani, na kama hana nafasi ya kwenda, aangalie fani nyingine kwanza.

Kwa mwalimu, afisa maendeleo ya jamii, mhasibu au mtu wa utawala mambo yanageuka. Huyu maabara yake ni kazi yake. Usiku mmoja nilikuwa nasoma namna ya kupima ubora wa maswali ya mtihani: unahesabu wangapi wamekosa kila swali, na kama waliokosa ni wale wale wazuri wa darasa. Asubuhi nikachukua karatasi 46 za jaribio la kidato cha pili. Swali la saba walikuwa wamelikosa 41, akiwemo msichana aliyekuwa akiongoza darasa. Nikalisoma tena. Lilikuwa na majibu mawili sahihi. Miaka yote nilikuwa nawalaumu watoto kwa maswali niliyoyatunga vibaya mimi. Somo hilo nikiwa ukumbini ningelinakili, ningelijibu, ningelisahau.

Hii ndiyo sababu kubwa ya jibu nililompa binti. Kila anachosoma usiku anaweza kukijaribu kwa watoto hamsini kesho yake.

Tafiti zinasemaje

Wanaotetea masafa hupenda kutaja ripoti ya Wizara ya Elimu ya Marekani ya 2010, iliyokusanya tafiti nyingi na kukuta waliosoma mtandaoni walifanya vizuri kidogo kuliko wa darasani, na waliochanganya njia zote mbili wakafanya vizuri zaidi. Ni kweli, ila waandishi wenyewe walitahadharisha kwamba huenda tofauti ilitokana na muda na nyenzo za ziada walizopata hao wa mtandaoni, siyo mtandao wenyewe.

Wanaotetea darasa wana utafiti wa Eric Bettinger na wenzake uliochapishwa 2017. Walifuatilia wanafunzi wa chuo kimoja kikubwa cha Marekani ambako kila kozi ilitolewa kwa njia mbili, vitabu vile vile, kazi zile zile. Waliosoma mtandaoni walipata alama za chini, na uwezekano wa kuendelea kuwa chuoni mwaka uliofuata ulikuwa chini pia. Walioumia zaidi ni wale walioingia na alama dhaifu.

Kwangu mimi matokeo haya mawili hayagombani. Mwenye msingi na muda, mtandao unamsaidia. Mwenye msingi dhaifu anamhitaji mtu aliye mbele yake. Na hiyo ya kuchanganya ndiyo ninayotamani ienee kwetu. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona hadi Juni mosi, wengi wa darasani walikaa nyumbani bila kipindi hata kimoja, kwa kuwa vyuo vyao havikuwa vimejenga uwezo wa kufundisha kwa mbali. Kenya nao wamefungua Chuo Kikuu Huria chao, kilichopewa hati Agosti 2023, makao yake Konza, na hapo masomo ni mtandaoni tangu mwanzo.

Fedha, kwa ufupi

Darasani unalipa ada, chumba na chakula, na mfanyakazi anaweza kukosa mengi ya kando aliyozoea kuyapata kazini. Kwa kijana, Bodi ya Mikopo inaweza kubeba sehemu, na bumu, yaani fedha ya kujikimu, likamfanya akae chuo bila kuuza vocha, ila akumbuke makato ya asilimia 15 ya mshahara yatakayokuja baadaye. Kwenye masafa mshahara unaendelea na ada unailipa kidogo kidogo kadiri ya kozi ulizochukua, lakini kuna bando, uchapishaji, na nauli ya kituo. Kutoka Tunduru hadi Songea ni zaidi ya kilomita 250, kwenda tu. Hilo binti alikuwa hajaliweka kwenye bajeti.

Vyuo vya nje vinavyotangazwa mitandaoni, ingia kwa tahadhari kubwa. Ulizia TCU kama tuzo ya chuo hicho itatambuliwa, na uulize kabla hujatuma hata senti.

Cha kufanya wiki hii

Kijana ameomba Dodoma kwenye dirisha la kwanza la udahili. Biashara nimemwambia ataifanya likizo, na kwamba akifika achague kozi za hiari zenye watu wachache, aone walimu wanamjua kwa jina.

Binti anakwenda Songea Jumamosi, siku ambayo wanafunzi wanaofanya kazi hujitokeza kituoni. Nimemwandikia maswali ya kubeba. Kozi hizi tatu za mwaka wa kwanza anazifundisha nani, na namba yake inapatikana? Kazi zilizotumwa muhula uliopita zilirudi baada ya wiki ngapi? Vipindi vya ana kwa ana ni lini, ili aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu mapema? Kuna wanafunzi wengine kutoka Tunduru, hata wawili?

Kisha amtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, pale nje kwenye benchi, amsalimie vizuri, na amwombe amwonyeshe kwenye simu kazi moja iliyosahihishwa. Aangalie kama kuna maneno ya mwalimu au ni namba peke yake. Akikuta namba peke yake kwenye kozi zote anazozitaka, anipigie kabla hajalipa, tutafute programu nyingine.